OLED, LCD au QLED: Kioo Kipi Kinastahili Bei Yake?

Mwaka 2019 Apple ilitoa iPhone 11 na iPhone 11 Pro kwa pamoja. Aliyevunja kioo cha iPhone 11 nje ya dhamana alitozwa na kampuni yenyewe, huko Marekani, dola 199. Mwenye 11 Pro alitozwa dola 279. Na kile cha bei ndogo ndicho kikubwa zaidi: inchi 6.1 dhidi ya 5.8. Tofauti imo ndani ya kioo. Cha kwanza ni LCD, cha pili ni OLED, na anayeingia dukani leo kutafuta simu au runinga, awe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anachagua kati ya hivyo viwili hata kama muuzaji hakumwambia.

LCD haitoi mwanga wake yenyewe. Nyuma au pembeni kuna taa za LED zinazowaka muda wote, mbele yake kuna fuwele za kimiminika zinazozuia au kupitisha mwanga, kisha vichujio vya rangi. Mwanga mwingi hupotea njiani, na hata picha ikiwa nyeusi taa ya nyuma bado inawaka, ndiyo maana usiku cheusi cha LCD huonekana kijivu. Kwenye OLED kila nukta hujiwakia yenyewe. Ikitakiwa nyeusi, inazimwa, basi.

Kinachowaka humo ni molekuli za kaboni, kwenye utando mwembamba kuliko unywele mara mamia. Plastiki ya ndoo au ya kufunikia nyaya, nayo ya kaboni, huzuia umeme, lakini mnyororo wa kaboni wenye kifungo kimoja, kisha viwili, kisha kimoja, hivyo hivyo kwa kupokezana, huwapa elektroni njia ya kusafiri. Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walilionyesha hilo miaka ya 1970 na wakapewa Nobel ya kemia mwaka 2000. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walitengeneza diodi inayong'aa kwa molekuli ndogo za kaboni. Mwaka 1990 Burroughes, Friend, Holmes na wenzao wa Cambridge wakafanya hivyo kwa polima (mnyororo mrefu wa molekuli) iitwayo PPV, ambayo ikipitishiwa umeme hutoa mwanga wa kijani kuelekea njano.

Rangi hutegemea elektroni inashuka kimo gani cha nishati. Kimo kifupi hutoa nyekundu, kirefu hutoa buluu, na wanakemia hukibadili kwa kubadili mnyororo au matawi yake. Hapa ndipo kemia inapogusa mfuko wako. Buluu hubeba nishati kubwa kuliko rangi nyingine mbili, nyekundu na kijani, na nishati hiyo hiyo huvunja vifungo vya molekuli inayoitoa. Kwa hiyo nukta za buluu huchoka mapema, na sehemu ya kioo inayoonyesha kitu kilekile kila siku huchakaa kuliko jirani zake. Mafundi wanasema kioo "kimeungua": unabadilisha chaneli, nembo ya chaneli ya jana bado ipo kama kivuli.

Hofu hiyo ina ukweli, ila hutiwa chumvi. Tovuti ya RTINGS ya Kanada iliwasha runinga sita za OLED za LG kuanzia 2018, saa 20 kwa siku, kila moja na kipindi au kiwango chake cha mwanga. Iliyobaki kwenye CNN kwa mwanga wa juu kabisa ilipata alama waziwazi. Zilizokuwa na picha za kubadilikabadilika zilivumilia vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye saluni, mgahawa au mapokezi ya hoteli ambako habari au matokeo ya mpira hukaa kutwa nzima asinunue OLED, hata akipunguziwa bei. Anayeangalia filamu usiku sebuleni hana la kuogopa.

Kwa nini ni ghali? Vioo vingi vya OLED vilivyopo sokoni hutumia molekuli ndogo, siyo polima, na molekuli hizo hugeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa, kisha hupakwa tabaka kwa tabaka. Juu yake lazima uwepo ufuniko usiopitisha unyevu wala oksijeni, maana vyote viwili huua utando huo. Ndicho unachokiona simu ikianguka: doa jeusi au la zambarau kwenye kona, kesho limekuwa kubwa, keshokutwa limemeza nusu ya kioo. LCD iliyopasuka mara nyingi utaendelea kuisoma kwa wiki kadhaa. OLED haikupi nafasi hiyo. Polima zilileta tumaini la unafuu kwa sababu huyeyuka na kuwa wino, na kioo kingechapwa kama gazeti. Lakini JOLED ya Japani, iliyochapa OLED kwa wino, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023. Unafuu huo usiusubiri ndipo ununue.

Kwenye runinga kuna mtego wa herufi moja. QLED siyo OLED. Ni LCD yenye taa ya nyuma, iliyoongezewa utando wa chembe ndogo sana za kuboresha rangi. Inaweza kuwa runinga nzuri, tena kali kwa mwanga, na kwenye sebule yenye dirisha kubwa na jua la saa nane mchana naipendelea kuliko OLED. Lakini usilipe bei ya OLED kwa sababu tu Q inafanana na O. Na "LED TV" iliyoandikwa kwenye boksi ni LCD ileile. Kupima ni rahisi: mwombe muuzaji aweke picha nyeusi tupu, kisha uzibe mwanga wa duka kwa mikono pembeni ya kioo. Kikibaki na ukungu wa kijivu, hasa kwenye kona, ni LCD.

Umeme wenyewe hauamui kitu. Tuseme runinga moja inakula wati 20 zaidi ya nyingine, na inawashwa saa tano kila siku. Kwa mwaka ni yuniti 36.5, na kwa mteja wa kawaida (T1) wa TANESCO, Tanzania, anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti, ni shilingi 13,000 hivi. Kwenye simu, mandhari nyeusi huokoa chaji ya OLED kwa sababu nukta zimezimwa, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa 2021 ulionyesha kuwa mwanga ukiwa asilimia 30 hadi 50, nafuu ni asilimia 3 hadi 9 tu. Ukiuongeza hadi mwisho ndipo inafika asilimia 39 hadi 47. Kwa LCD mandhari nyeusi ni urembo tu.

Pesa huliwa kwa fundi. Simu yako ya OLED ikivunjika utatajiwa bei mbili tatu zilizoachana mno: kioo "og" (halisi), OLED ya kiwanda kingine, na kopi ya LCD. Kopi ya LCD inafanya kazi, ila ni nene kidogo, nyeusi yake ni kijivu, chaji huisha haraka, na kama simu yako husoma alama ya kidole chini ya kioo kwa mwanga, hapo inakufa, kwa sababu mwanga wa nukta za OLED ndio uliokuwa ukimulika kidole. Fundi asiyekuambia hilo kabla ya kufungua simu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mtake aandike kwenye risiti ni kioo cha aina gani, na ujaribu kidole mbele yake kabla ya kulipa.

Kwa simu ya bei ya chini inayobebwa na mtoto wa shule au kuwekwa kwenye bodaboda, chukua LCD. Ukitaka OLED, kabla hujalipia simu yenyewe pita kwa fundi uulize bei ya kioo chake. Ikizidi theluthi moja ya bei ya simu, tafuta modeli nyingine.