Jino Bovu Halitibiwi kwa Kapsuli

Mvuvi wa Kizingitini akiamka na shavu limevimba, kumwona daktari wa meno si jambo la hatua mbili. Itambidi apande boti hadi mji wa Lamu, na kupita mlangobahari wa Mkanda hutegemea maji: yakipwa, chombo hungoja yajae. Duka la dawa liko karibu zaidi. Ndipo wengi hununua kapsuli za amoksilini, maumivu yakatulia, wakarudi kazini. Baada ya wiki kadhaa jino lile lile huanza upya, pengine kwa ukali zaidi.

Sababu imo ndani ya jino lenyewe. Chini ya gamba gumu la nje kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wa kinywani hutumia sukari ya halua, tende na chai, kisha hutoa asidi inayolila gamba hilo kidogo kidogo. Wakifika kwenye kiini, kiini huvimba. Lakini kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Mishipa hubanwa, damu hukatika, kiini hufa, na usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi.

Sasa tuifuate kapsuli. Ikimezwa huingia katika damu na kusafiri nayo. Damu inapokomea, dawa nayo hukomea. Jino lililokufa halipitiwi na damu, kwa hiyo bakteria walio ndani yake hawaguswi. Wanaopungua ni wale tu waliokwisha kutoka nje ya mzizi. Kumeza dawa na kuliacha jino vile vile ni sawa na kufua maji katika dau lisilotiwa kalafati.

Ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani, uliotolewa 2019, unasema kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri hahitaji viuavijasumu kama amoksilini kwa maumivu ya jino, wala kwa jipu lisilosambaa, iwapo anaweza kuhudumiwa mara moja. Tiba ni kutoa usaha, kusafisha mzizi na kuuziba, au kung'oa. Maumivu hupozwa kwa ibuprofeni au parasetamoli, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Huduma ikichelewa na jipu limekwisha kutunga, daktari anaweza kuandika dawa itangulie. Hata hivyo safari ya kwenda kutibiwa jino inabaki pale pale.

Viuavijasumu vina zamu yake: mgonjwa akiwa na homa, uvimbe ukishuka kwenye taya au shingo, au kinga ya mwili ikiwa dhaifu. Hapo daktari huuliza kwanza kama mgonjwa hudhurika na penisilini, kisha kwa kawaida huandika amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 2022 kinataja siku 3 kama chanzo kimeshashughulikiwa, na siku 5 kama bado.

Kutumia dawa hizi ovyo huwapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Mwaka 2019, usugu huo ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alikwisha kuonya juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Kenya ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, lakini mpango wowote hauwezi kufaulu visiwani ikiwa kapsuli iko karibu na daktari yuko mbali. Kaunti ya Lamu ipeleke huduma ya meno Faza, Kiwayu na Ndau kwa ratiba inayojulikana.

Nawe msomaji, usingoje jino litunge usaha. Litibiwe lingali tundu dogo. Na ukimwona mtu hawezi kufungua kinywa, anashindwa kumeza, au amevimba chini ya ulimi, usimtafutie kapsuli. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Mtafutie boti, afike hospitali saa hiyo hiyo.