Kikapu cha Juma Hakingoji Mvua

Siku hizi wako wakulima wa karibu na miji ambao hawapeleki mboga zao sokoni na kungoja bei ya siku. Hupatana na nyumba kadhaa za mjini, na kila nyumba hulipa fedha mbele, za mwezi mmoja au za msimu mzima, kisha hupata kikapu cha mboga kila juma. Mwenye kikapu hachagui. Hupewa fungu lake la mboga zilizo tayari shambani juma hilo. Mpango wa namna hii ulijulikana Japani katika miaka ya 1970, na Marekani ulianza mwaka wa 1986 katika mashamba mawili, moja la Massachusetts na la pili la New Hampshire.

Faida yake ni wazi. Mkulima hupata fedha za mbegu na mbolea wakati azihitajipo, wala hapunguziwi bei mvua inapojaza kabichi sokoni. Lakini iko hatari pia. Mtu aliyelipa mbele anakudai, na ahadi ni deni. Ukimpelekea kikapu kitupu majuma mawili, juma la tatu atakwenda kununua kwingine. Na vikapu vingi huwa vitupu mwezi wa Aprili na Mei, wakati shamba lote limekuwa kijani kibichi. Kwa nini?

Hesabu ya miezi

Katika nyanda za juu za Kenya ya kati mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Wengi wamezoea kungoja mvua ya kwanza ndipo watafute mbegu za mboga. Huko ni kuchelewa. Kabichi hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja, na shambani karibu miezi mitatu. Ukisia mbegu katikati ya Machi, kabichi ya kwanza utaikata Julai. Sukuma wiki ni ya haraka zaidi, lakini hata hiyo hutaanza kuchuma majani yake mpaka mwisho wa Mei. Na mboga za mvua fupi zimekwisha kwa jua la Januari na Februari. Hapo ndipo pengo.

Dawa ya pengo hilo ni kitalu cha mapema. Sia mbegu mwanzoni mwa Februari, mvua ingali mbali. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 halihitaji maji mengi. Madebe mawili kwa siku yatatosha, hata kama ni maji ya kuchota. Lifunike kwa kivuli chepesi cha nyasi. Usimwagilie kupita kiasi, maana miche iliyosongamana katika udongo wa majimaji huoza shinani na kuanguka. Juma la mwisho punguza kivuli na maji, ili miche ikomae.

Manyunyu ya siku moja yasikudanganye. Ngoja mpaka udongo umelowa kwa kina cha shubiri nzima, kisha pandikiza jioni. Siku iyo hiyo, sia shambani mboga za haraka: figili huwa tayari kwa majuma manne hivi, na terere na dania hufuata. Hizo ndizo zitakazokitunza kikapu mpaka sukuma wiki ianze.

Panda kidogo kidogo

Kosa la pili ni kupanda kila kitu siku moja. Mchuuzi aweza kuchukua kabichi 500 kwa lori moja. Mwenye kikapu anataka moja tu, na baada ya majuma mawili anataka nyingine. Tuseme una nyumba 20. Pandikiza miche 25 ya kabichi kila baada ya majuma mawili. Ile 5 ni ya hasara. Karoti, saladi na dania zifanye vivyo hivyo, tuta dogo kila mara.

Sukuma wiki huchumwa kwa miezi mingi, basi hesabu yake ni nyingine. Ukitoa majani 15 kwa kila nyumba, unahitaji majani 300 kwa juma. Mche mzuri hutoa majani 2 au 3 kwa juma. Kwa hesabu ya majani 2, yatakiwa miche 150. Ongeza 30 kwa ajili ya ile itakayokatwa na sota. Ukiipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, kipande cha mita 7 kwa 7 kitatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na kikapu vilevile.

Magonjwa ya wakati wa mvua

Usimwahidi mtu nyanya za mwezi wa Mei kama huna kibanda cha kuzikinga na mvua. Baridi na unyevu huleta ugonjwa wa madoa makubwa ya kahawia, wenye ukungu mweupe chini ya jani, nao waweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ugonjwa huo huo hushika viazi. Basi usipande nyanya karibu na viazi.

Ukipiga dawa, soma karatasi ya chupa au pakiti ujue ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma. Siku hizo zisipotimia, mboga hiyo isiingie kikapuni, hata kama ni siku ya kupeleka. Anayekula ni mtoto wa mtu aliyekuamini. Ukiwa na shaka, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Mapatano yawe wazi

Kabla ya kupokea fedha, waeleze wenye vikapu mambo matatu. Kwanza, mavuno mengi na mavuno machache yote hugawanywa sawasawa. Mvua ya mawe ikipiga, hasara ni ya wote. Pili, Aprili kikapu kitakuwa cha majani zaidi, na kabichi na karoti zitakuja baadaye. Tatu, barabara ya udongo ikiharibika, mboga zitachukuliwa mahali fulani penye lami. Mtu aliyeambiwa mapema huvumilia, aliyefichwa hukasirika.

Chuma alfajiri, weka kivulini, osha kwa maji safi. Kila juma andika katika daftari ulichosia, ulichochuma na kilichopungua. Mwaka wa kwanza anza na nyumba 10 tu. Ukizitimizia hizo kuanzia Machi hadi Julai bila kikapu kitupu, zenyewe zitakuletea nyingine.