Sindano ya Jentamaisini: Inaponya, Lakini Ichunge



Mtoto mchanga akikataa kunyonya, na mwili wake ukawa wa moto sana au wa baridi, huenda bakteria wameingia katika damu yake. Mpeleke zahanati mara moja. Mara nyingi huchomwa sindano za dawa mbili: ampisilini na jentamaisini.

Jentamaisini ni nini?
Ni dawa inayoua bakteria. Habari zake zilitangazwa Marekani mwaka 1963. Hutolewa kwa sindano kwa sababu ukiimeza haiingii vizuri katika damu. Haitibu malaria wala mafua.

Inadhuru vipi?
Dawa hii hutolewa mwilini na figo, pamoja na mkojo. Figo zikiwa dhaifu, au kipimo kikizidi, dawa hujaa mwilini. Hapo hudhuru figo na masikio. Figo mara nyingi hupona dawa ikiachwa. Masikio yakiharibika, mara nyingi hayaponi tena. Mtoto asiyesikia hupata shida kujifunza kusema. Mvuvi wa Musoma asiyesikia hawezi kusikia mashua ya injini ikimjia.

Dalili za hatari
1. Masikio yanavuma.
2. Husikii vizuri.
3. Unapata kizunguzungu na kuyumba.
4. Mkojo unapungua.

Ukiona dalili moja, mwambie mganga kabla ya sindano nyingine. Mtoto mchanga hawezi kusema. Kwa hiyo kipimo chake kiwe sahihi tangu mwanzo.

Ufanye nini?
Mgonjwa apimwe uzito kwanza, maana kipimo cha dawa hufuata uzito. Mwambie mganga kama una mimba, una ugonjwa wa figo, au unatumia dawa ya kuongeza mkojo. Mwambie pia kama mama yako au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuwa kiziwi baada ya sindano.

Uwe Butiama, Bunda au Musoma, usikubali kuchomwa sindano hii mnadani, mwaloni au nyumbani kwa mtu. Huko hakuna mizani, na hakuna wa kukuangalia kesho.

Lakini usiikimbie sindano ya hospitali. Mtoto mwenye bakteria katika damu asipotibiwa anaweza kufa upesi. Maliza siku zote ulizoandikiwa.

Kumbuka: dawa kwa kipimo ni uzima, dawa bila kipimo ni sumu.