Unatoka Kisii au Nyamira kwenda hoteli ya kifahari Nairobi? Soma hii kabla hujatuma malipo ya awali

Tuanze kwa kuelewana. Kwetu Gusii ukisema "hoteli", wengi wanafikiria chai, chapati na maharagwe pale karibu na steji. Leo tunazungumzia hoteli ya kulala, tena ile ya kujipa raha: fungate, miaka kumi ya ndoa, au mtoto amefuzu chuo kikuu na mmeamua kumpongeza vizuri. Kila msimu wa bonasi ya chai, na tena Desemba, maswali haya hutufikia kwa wingi kutoka Keroka, Nyansiongo, Ogembo na Kisii mjini. Na mara nyingi swali linakuja pesa ikiwa imeshaenda.

Mteja wetu mmoja, mwalimu, alitaka kumpeleka mkewe Nairobi usiku mbili. Aliona ukurasa kwenye Facebook wenye picha safi za kidimbwi cha kuogelea, bei nzuri, na mtu wa kujibu meseji haraka sana. Akatuma Sh12,000 kwa namba ya simu ya kawaida. Wakafika mapokezi na mizigo yao, hoteli ipo kweli, na picha zilikuwa zake kweli, lakini majina yao hayakuwa popote kwenye orodha. Aliyepokea pesa hakuwa na uhusiano wowote na hoteli ile. Tulipopigiwa, pesa ilikuwa imetolewa zamani kwa wakala, na hapo kuirudisha ni vigumu mno. Tulichoweza kumwambia ni aripoti polisi, apate namba ya OB, na asifute zile meseji.

Kwa hivyo kuchagua hoteli na kuchagua jinsi ya kulipa ni kazi moja. Usizitenganishe.

Ni ya aina gani, na iko upande gani?

Nairobi ina hoteli kubwa za kifahari na zile ndogo ambazo watu huziita butiki. Za kubwa unazijua kwa majina: Sarova Stanley pale Kimathi Street, iliyoanza 1902, au Norfolk ya 1904, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko vyumba ni vingi, na kupata nafasi si kazi ngumu sana isipokuwa mji ukiwa na mkutano mkubwa. Ndogo ni kama Giraffe Manor kule Lang'ata, yenye vyumba 12 tu, ambapo twiga huingiza kichwa dirishani wakati wa kiamsha kinywa. Hizo hujaa mapema sana. Mtu akikuambia kuna chumba Giraffe Manor wikendi hii, tena kwa nusu bei, wewe jiulize mara mbili.

Pia usitegemee kumbukumbu ya mzee nyumbani. InterContinental ilifungwa 2020, na Hilton ile ya mnara wa mviringo katikati ya mji ikafunga mwisho wa 2022. Picha zao bado zimejaa mtandaoni.

Nyota je? Ukaguzi na upangaji wa nyota hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyota zinakuambia kuhusu vifaa na huduma. Hazikuambii kama ni mahali penu. Kwa maoni yetu, swali la kwanza kwa mtu wa Kisii ni la barabara. Kutoka Kisii kupitia Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu ni zaidi ya kilomita 300, na matatu nyingi zinakushusha katikati ya mji. Ukichagua Karen au Gigiri, ongeza teksi ya kwenda na kurudi kwenye bajeti. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri utafika karibu na saa sita, na hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia saa nane mchana. Uliza mapema kama mtaweza kuingia kabla ya hapo au kuacha mizigo. Kukaa mapokezi na viatu vya vumbi la Narok si mwanzo mzuri wa fungate.

Bei kamili ni ipi?

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Tuseme umeambiwa chumba ni Sh20,000 kwa usiku, "kabla ya kodi". Weka VAT ya 16%, yaani Sh3,200, na ada ya utalii ya 2%, Sh400. Sasa ni Sh23,600. Kwa usiku tatu unalipa Sh70,800, wala si Sh60,000 uliyopigia hesabu. Baadhi huongeza malipo ya huduma juu yake. Uliza hivi, kwa maneno haya haya: "Hiyo bei ina kodi zote ndani? Ni ya chumba au ya mtu? Kiamsha kinywa kimo?" Hoteli ndogo nyingi hutaja bei kwa dola, na nyingi zina bei ya chini kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Usipoulizia, unaweza kupewa ya mgeni. Beba kitambulisho.

Jambo lingine ambalo halisemwi: hoteli za kiwango hiki hupenda kushika kadi ya benki ukifika, kwa ajili ya vinywaji au kitu kikivunjika. Kama huna kadi, sema mapema kwamba utalipa kwa simu. Watakuambia amana ni kiasi gani na itarudishwa vipi. Afadhali ujue ukiwa bado Nyamira.

Sasa, kutuma

Tafuta namba ya simu ya hoteli kwenye tovuti yake yenyewe, si kwenye ukurasa uliokuandikia. Piga. Omba ankara kwa barua pepe ikiwa na majina yenu, tarehe, bei kamili na masharti ya kughairi, pamoja na Paybill au Till. Hata Till si dhamana, kwa sababu tapeli naye anaweza kuwa nayo. Kilicho muhimu ni jina. Jina litakalotokea kwenye skrini lilingane na la kwenye ankara. Wakati mwingine kampuni inayomiliki hoteli ina jina tofauti na lile la mlangoni, na hilo si kosa, lakini mtu wa hoteli akuthibitishie kwa simu kabla hujabonyeza. Namba ya mtu binafsi, hata kama anajiita meneja, kataa.

Kuhusu gharama ya kutuma: kwa kawaida mteja halipi ada kwenye Till, ila kwenye Paybill inategemea hoteli imechagua mpango upi. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi Sh250,000, kwa hivyo familia kubwa inayobuku vyumba vitano italipa kwa awamu.

Ukishalipa, itume ile meseji ya uthibitisho kwa hoteli na udai namba ya nafasi yenu. Piga tena siku mbili kabla ya safari, useme tu majina yenu na usikie kama wanayasoma. Siku ya kuondoka, usitoke mapokezi kabla amana haijaingia kwenye simu yako. Wakati unasubiri, chungulia duka la zawadi: ukikuta vinyago vya mawe ya Tabaka, angalia bei yake halafu ukamsimulie mchongaji nyumbani.