Kisu ni Makali au ni Jina?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka tuipime methali hiyo kwa kitu kidogo kinachoingia mfukoni, nacho ni kisu cha kukunja. Yupo mtu ambaye hajali redio yake imetengenezwa wapi wala viatu vyake vina jina gani, lakini mwambie abadilishe chapa ya kisu chake, atakuja juu kana kwamba umemtukania ukoo. Kwa nini? Na je, uaminifu wa namna hiyo una msingi, au ni ushabiki mtupu kama ule wa timu za mpira?

Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wa watu hao. Alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi, na katika mfuko wa kulia wa suruali yake hakikukosekana kisu kimoja cha kukunja. Kwa kisu hicho alimenya machungwa, alikata kamba, na alituchongea penseli zetu za shule. Ubapa wake ulikuwa umelika kwa kunolewa hata ukabaki mwembamba kama jani la mwembe. Ukimletea kisu kipya cha chapa nyingine alikushukuru, akakiweka kabatini, na hakukitoa tena. Alipofariki, mashamba yaligawanywa bila neno. Kilicholeta maneno kikaoni ni kisu.

Mimi sikukipata. Basi nikajinunulia changu kwa mchuuzi wa barabarani, chenye jina lile lile, nikajiona nami nimerithi. Wiki ya pili, nikiwa nakata muwa, kisu kilijifunga chenyewe kikanikata kidole cha shahada. Kovu ninalo mpaka leo. Nilipomwonyesha fundi mmoja mnoa visu, alikitazama kwa makini kisha akacheka. Jina lililopigwa kwenye chuma lilikuwa limepungua herufi moja. Kisu kilikuwa cha bandia, na mimi nilikuwa nimenunua jina bila kulisoma.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: mjomba alikuwa mwaminifu kwa nini hasa? Kwa chuma au kwa jina?

Jibu la kwanza liko katika namna kisu kinavyotengenezwa. Chuma cha pua huchomwa hadi kiive, kisha hupozwa ghafla, aghalabu ndani ya mafuta, ili kiwe kigumu. Halafu hupashwa tena moto wa wastani ili ugumu ule usikifanye kivunjike kama kigae. Moto wa pili ukikosewa, ama ubapa utakatika siku ya kwanza unapobanwa, ama makali yake yatakufa kabla hujamaliza kuchinja kuku mmoja. Sasa, weka mezani visu viwili, kimoja kilichochomwa vizuri na kingine kilichoharibiwa. Vyote vinang'aa. Jicho haliwezi kuvitofautisha. Mnunuzi wa chungwa hulibonyeza, mnunuzi wa kitambaa hukivuta, lakini mnunuzi wa kisu hana la kufanya isipokuwa kusoma alama iliyopigwa kwenye chuma. Hivyo basi, alama ile si pambo. Ni dhamana ya kitu ambacho jicho halioni, na mtu aliyedanganywa mara moja hung'ang'ania dhamana iliyowahi kumtendea haki.

Tuchukue mfano wa kisu kinachojulikana kuliko vyote, kile chekundu chenye msalaba mweupe kutoka Uswisi. Mwaka 1884 fundi aitwaye Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz. Wakati huo jeshi la Uswisi lilikuwa likiagiza visu vya askari kutoka mji wa Solingen, Ujerumani. Elsener aliona aibu kwamba nchi yenye mafundi iagize visu kwa jirani, akawakusanya mafundi wenzake, na mwaka 1891 wakapeleka jeshini visu vyao vya kwanza. Wenzake wakakata tamaa kwa sababu Wajerumani waliuza kwa bei ya chini. Yeye akabaki peke yake, akaingia kwenye madeni, akaokolewa na ndugu zake. Mwaka 1897 alisajili kisu chepesi zaidi, cha maofisa, chenye vifaa vingi ndani ya mpini mmoja. Jeshi halikukifanya kuwa kifaa chake rasmi, lakini maofisa walikinunua kwa fedha zao wenyewe. Methali yetu inasemaje? Kizuri chajiuza.

Mama yake alipofariki mwaka 1909, Elsener aliipa chapa yake jina la mama huyo, Victoria. Mwaka 1921 kiwanda kilipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, kinachoitwa inox, maneno hayo mawili yaliunganishwa yakawa Victorinox. Kwa hiyo jina linalosomwa na mamilioni ya watu ni jina la mama wa fundi pamoja na jina la chuma.

Lakini Victorinox hakuwa peke yake. Huko Delémont, upande wa Waswisi wanaosema Kifaransa, palikuwa na kiwanda kingine kiitwacho Wenger, nacho kilitengeneza visu vya jeshi. Ili pasiwe na manung'uniko kati ya sehemu mbili za nchi, serikali iligawa zabuni kati ya viwanda hivyo kuanzia mwaka 1908. Ikawa kila kimoja kina wafuasi wake. Kimoja kilijitangaza kuwa ni kisu cha asili cha jeshi la Uswisi, kingine kikajitangaza kuwa ndicho kisu halisi. Wenyewe walibishana juu ya mkasi upi una springi bora na mpini upi unakaa vizuri mkononi. Mwaka 2005 Victorinox ilimnunua mshindani wake, na mwaka 2013 ikatangaza kwamba visu vya Wenger vitaunganishwa chini ya jina la Victorinox. Wapenzi wa Wenger hawakuhama wote. Wapo wanaovitafuta hadi leo vile vya zamani vyenye jina lao, ingawa vinavyouzwa dukani ni vizuri tu.

Je, huo ni upumbavu? Nasema si lazima. Uaminifu una pande mbili, na upande wa pili ni ule wa kiwanda. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege. Victorinox ilikuwa ikiuza visu vingi katika maduka ya viwanja vya ndege, na mauzo yake ya visu yakaporomoka. Wengi wangefukuza wafanyakazi. Wao walisimamisha ajira mpya, wakapunguza saa za kazi, na baadhi ya wafanyakazi wakaazimwa kwa kampuni nyingine mpaka hali ilipotengemaa. Tena kisu chao kina dhamana ya maisha dhidi ya kasoro za chuma na za ufundi. Mtu anayeshikamana na jina kama hilo hajashikamana na herufi tupu. Kuna watu nyuma ya zile herufi.

Sasa tuwatazame wakusanyaji, maana hao ni kundi la pekee. Mtumiaji anataka kisu kikate. Mkusanyaji anaweza kuwa na visu 300 ambavyo havijawahi kukata hata uzi. Anatafuta nini? Nenda Marekani, mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania, kwenye kiwanda cha Case. Ndugu wa ukoo huo walianza kuuza visu mwaka 1889. Kwenye ubapa wa visu vyao, pale unapoingia mpini, utaona herufi mbili za X. Maana yake ni kwamba chuma kile kimepita motoni mara mbili, ule moto wa pili nilioueleza hapo mwanzo. Kisha mwaka 1970 kiwanda kilibuni hesabu yake: chini ya jina zilipigwa nukta kumi, na kila mwaka uliofuata nukta moja iliondolewa. Mwenye kujua hesabu hiyo akiokota kisu cha miaka ile, anahesabu nukta na kukutajia mwaka kilipozaliwa, kama mtu anayesoma cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo mkusanyaji anaponaswa. Akishakuwa na cha mwaka 1972 na cha mwaka 1974, hatalala mpaka apate cha 1973. Chapa nyingine haimfai hata ikiwa bora, kwa sababu haitaziba pengo lile. Na wengi wao ukiwauliza, kisu cha kwanza walipewa na baba au babu. Kwa hiyo nyuma ya hesabu yote ile mna mtu mmoja aliyewahi kuwapenda. Nadhani hata wale waliobishana kikaoni kwetu hawakuwa wakigombea chuma.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, jina linaweza kutengana na mwenye nalo. Huko kusini mwa Ufaransa kuna kijiji kiitwacho Laguiole, chenye wakazi wapatao 1,200. Tangu karne ya 19 mafundi wake walitengeneza kisu chembamba cha kukunja, chenye umbo kama la nyuki juu ya springi yake. Jina la kijiji likawa jina la kisu. Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja asiye wa kijiji hicho alilisajili neno Laguiole kuwa alama yake ya biashara kwa bidhaa za aina nyingi. Ikawa jina la kijiji linabandikwa kwenye vitambaa vya meza na majiko ya kuchomea nyama, na bidhaa nyingi zilitoka ng'ambo ya mbali. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Walishindwa mwaka 2012, na kwa hasira wakaing'oa alama ya barabarani inayoonyesha jina la kijiji chao. Wakashindwa tena katika rufaa mwaka 2014. Mwaka 2016 mahakama ya juu ikaagiza shauri lisikilizwe upya, na hatimaye mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Paris ikawapa haki. Miaka mingi ilipita ambapo mtu aliweza kuwa mwaminifu kabisa kwa jina la Laguiole na asimnufaishe fundi hata mmoja wa Laguiole.

Mfano wa mwisho unatugusa kwa karibu. Mwaka 1902 huko Solingen kilianza kutengenezwa kisu cha bei nafuu kwa ajili ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na nchi zetu za Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa miongoni mwa makoloni hayo. Kilipewa jina la Okapi, yule mnyama wa misitu ya Kongo. Kilikuwa na mpini wa mbao wenye alama za mwezi na nyota. Wajerumani waliondolewa, makoloni yakawa mataifa, lakini kisu kilibaki mifukoni mwa wakulima na wafanyakazi, hasa kusini mwa Afrika. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua jina pamoja na mitambo yake, na kisu kikaanza kutengenezwa huko. Hapa jina lilihama nchi, lakini lilihama pamoja na vyombo vyake vya kazi. Tofauti yake na mkasa wa Laguiole ni kubwa.

Tunajifunza nini basi? Kwamba jina ni ahadi, na ahadi haina thamani kama hakuna wa kuitimiza. Unaponunua kisu, soma jina herufi kwa herufi, nami ni shahidi wa hilo. Kifungue na kukifunga mara kadhaa. Tikisa ubapa uone kama unacheza. Kama kina kifungo cha kuuzuia usirudi, ubonyeze upande wa mgongo, polepole, vidole vikiwa mbali. Kisha uliza: kikivunjika, nitamrudia nani?

Nasi tunao wahunzi wetu wanaofua visu na mapanga kutokana na springi kuukuu za magari. Vijijini watu husema, "Hiki ni cha mzee fulani," nao humfuata mzee huyo hata akihama soko. Huo ni uaminifu kwa chapa, ila chapa yenyewe haikupigwa popote, na mzee akifa jina lake huzikwa naye, au huchukuliwa na mjanja. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma tangu mwaka 1986. Mhunzi naye ana haki ya kupiga jina lake kwenye chuma chake, kulisajili, na kumwachia mwanawe.

Mjomba wangu hakusoma lolote kuhusu Ibach wala Bradford. Alijua tu kwamba kisu chake hakikumwangusha hata siku moja, naye hakutaka kukiangusha. Sasa naamini alikuwa na haki. Aliyekosea ni mimi, niliyefuata jina lake bila kuuliza alilipataje.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.