Kati ya Siri na Faragha: Lugha ya Wasomaji wa Kawaida katika Kupokea Habari za Teknolojia na Taarifa Binafsi, Kyela na Ukanda wa Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna wasomaji na wasikilizaji wa kawaida katika wilaya ya Kyela na ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa wanavyozipokea habari za teknolojia, hifadhi ya taarifa binafsi na sera za mawasiliano. Hoja kuu ni kwamba kauli fupi kama vile "sina cha kuficha" na "yetu macho", ambazo aghalabu huchukuliwa kuwa dalili ya kutojali, zina mantiki yake. Mantiki hiyo inatokana na neno lililotumiwa na habari yenyewe, pamoja na dhana kongwe ya eneo hilo kuhusu nani anastahili kujua nini juu ya nani. Mifano imetolewa katika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole wa mwaka 2019–2020 na katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Utangulizi

Mnamo tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili upya laini zote za simu kwa kutumia alama za vidole na namba ya utambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Muda uliowekwa ulikuwa uishe tarehe 31 Desemba mwaka huo. Ukaongezwa siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Katika historia ya mawasiliano nchini, ni vigumu kutaja hatua nyingine iliyogusa taarifa za watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho. Hata hivyo, mazungumzo ya watu wa kawaida yalihusu zaidi foleni, kuchelewa kwa vitambulisho na hofu ya kuzimiwa simu. Swali la nani atazitunza alama hizo, na kwa masharti gani, halikupewa nafasi kubwa.

Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 15 Julai 2021, tozo ya miamala ya fedha kwa njia ya simu ilipoanza kukatwa, manung'uniko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo kiwango kilipunguzwa kwa asilimia 30. Mtazamaji wa haraka angesema kwamba Mtanzania huililia fedha yake na kuipuuza faragha yake. Maelezo hayo ni mepesi mno. Yanasahau kwamba mpokeaji hupokea habari kwa maneno, na kwamba maneno ya habari hizo mbili hayakuwa na uzito mmoja. "Tozo" limetokana na kitenzi *-toza*, yaani kumfanya mtu atoe. Ndani ya neno lenyewe mna anayetendwa. "Usajili" ni neno la ofisi lililozoeleka tangu kwenye vizazi, ndoa na shule. Halimtishi mtu, wala halidokezi kwamba kuna kitu kinachotoka mkononi mwake.

Msomaji Anayesikiliza

Kyela iko mwisho wa barabara ishukayo kutoka Mbeya kupitia Tukuyu, kabla ya mpaka wa Kasumulu na Mto Songwe. Mashariki yake, ng'ambo ya Matema, vijiji vya Wakisi vimebanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone, na kwa vingi kati ya hivyo chombo cha majini ndiyo barabara. Katika mazingira hayo gazeti la karatasi ni mgeni. Kinachofika mapema ni redio, na hasa vipindi vya asubuhi ambavyo watangazaji husoma vichwa vya habari vya magazeti. Kwa hiyo "msomaji" anayezungumziwa hapa mara nyingi ni msikilizaji wa kichwa cha habari kilichosomwa na mtu mwingine, ambaye kisha hukijadili kijiweni, kwenye kibanda cha wakala wa fedha au akisubiri boti Itungi.

Jambo hili lina athari ya kinadharia. Modeli ya Stuart Hall ya mwaka 1973, inayopendwa sana katika tafiti za upokezi, hutofautisha msomaji anayekubaliana na maana iliyokusudiwa, anayeijadili maana hiyo, na anayeipinga. Modeli hiyo inamchukulia mpokeaji kana kwamba ameipata habari yote. Anayesikia kichwa tu huitikia neno moja au mawili. Ukitaka kuelewa mwitikio wake, inakubidi uanze na maneno hayo.

Siri, Faragha, Binafsi

Kiswahili kina maneno matatu yanayogombea uwanja huu, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. *Faragha* lilibeba maana ya nafasi tupu na wasaa, na katika Kiswahili likawa ni hali ya kuwa kando na watu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalitumia katika ibara ya 16, inayohusu haki ya faragha na ya usalama wa mtu. Nje ya sheria, hata hivyo, neno hili limebaki kwenye mambo ya chumbani na mazungumzo ya pembeni: watu wawili huenda faragha, kisha hurudi. Mtu hawezi kusema kwa wepesi kwamba namba yake ya simu iko faragha.

*Siri* ndilo neno la kila siku, na ndilo linaloleta tatizo. Siri ni kitu kilichofichwa, na kinachofichwa huzua shaka. Mtangazaji akisema kwamba sheria fulani inalinda siri za watu, au kwamba mtandao fulani umevujisha siri za wateja, msikilizaji amekwisha kuwekwa upande wa wenye kuficha. Jibu la "sina cha kuficha" hapo ni sahihi kabisa kisarufi na kimantiki: mtu anakanusha tuhuma ambayo neno limemtwika. Wanaolikosoa jibu hilo kuwa ni ujinga wa haki hawajalisikiliza swali lilivyoulizwa.

*Binafsi*, lenye maana ya "kwa nafsi", ndilo lililochaguliwa na Bunge mnamo Novemba 2022 katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uteuzi huu ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Neno *binafsi* linahamisha hoja kutoka kwenye kuficha hadi kwenye umiliki: kama ilivyo shule binafsi au gari binafsi, taarifa binafsi ina mwenyewe, hata kama kila mtu anaiona. Mkulima wa mpunga wa Ipinda hafichi mipaka ya shamba lake, na bado hakubali mtu alilime bila idhini.

Jina, Mkwe na Daftari

Sehemu ya pili ya maelezo inatoka ndani ya jamii yenyewe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jamii iliyokaa kwa vijiji vya rika. Wavulana walijitenga mapema na makazi ya wazazi wao na kuanzisha kijiji chao. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni haja ya kutenganisha mambo ya unyumba ya baba na ya mwana, na hasa kumweka mkaza mwana mbali na baba mkwe. Mkaza mwana hakupaswa kukutana naye uso kwa uso, wala kulitamka jina lake. Sambamba na hayo, thamani kuu ya maisha ya kijiji ilikuwa *ukwangala*, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza nao. Anayejitenga na wenzake alitiliwa shaka.

Yaani, kulikuwa na mipaka mikali sana ya kujua na kujulikana, ila haikuchorwa kati ya mtu mmoja na mamlaka ya mbali. Ilichorwa kati ya kizazi na kizazi, kati ya mkwe na mkwe. Rika moja lilijuana kwa uwazi. Baba na mke wa mwanawe hawakupaswa hata kuonana. Ni kweli kwamba desturi hizi zimelegea sana, na Ukristo, ambao ulifika na wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin mwaka 1891, pamoja na shule na uhamiaji, umezibadili. Lakini dira ya heshima haifutiki kwa kasi ya desturi zilizoibeba.

Chukua mfano wa kubuni. Mwanamke anataka kumtumia fedha baba wa mumewe kupitia kwa wakala. Kabla ya muamala kukamilika, mfumo huonyesha jina kamili la mpokeaji alivyosajiliwa, na wakala, kwa nia njema ya kuzuia makosa, hulisoma kwa sauti ili mteja alithibitishe. Kisha huandika katika daftari: jina, namba, kiasi, saini. Daftari hilo hukaa mezani likiwa wazi, na mteja anayefuata huona waliotangulia walipokea kiasi gani. Katika msimu wa mauzo ya kakao au mpunga, ukurasa mmoja unatosha kumwambia jirani nani amelipwa na nani anadaiwa bure akisema hana.

Hapa ndipo penye faragha inayouma. Alama za vidole zilizohifadhiwa kwenye mashine ya mbali hazimwaibishi mtu mbele ya yeyote anayemjua. Jina la mkwe kutamkwa kibandani, au kiasi cha fedha kusomwa na shemeji, kunamwaibisha leo hii. Mwitikio wa watu unafuata mpangilio huo wa uzito, na mpangilio huo si wa kipuuzi. Kasoro yake ni kwamba unamwacha mtu bila ulinzi pale ambapo madhara hutokea mbali na kuja polepole. Wakazi wa kando ya Songwe wangeweza kuwa wa kwanza kuliona hilo. Mto huo hubadili mkondo wake, ndugu wako pande zote mbili, Wanyakyusa huku na Wangonde wa Karonga kule, na swali la "wewe ni wa wapi?" linapoingizwa kwenye kanzidata hukoma kuwa swali la mazungumzo. Laini ya simu ikishafungwa kwenye namba ya utambulisho, shaka juu ya uraia ni shaka juu ya simu pia.

Kiambishi *Wa-* na Sentensi Isiyo na Kitenzi

Tangazo rasmi hupenda kauli ya kutendwa: "Wananchi wanataarifiwa kuwa laini zitafungwa." Mtenda hatajwi. Msikilizaji huigeuza habari hiyohiyo kuwa kauli ya kutenda: "Wamefunga laini", "wamepandisha bando", "wametukata". Lakini *wa-* hiyo nayo haina mwenyewe. Hairejelei nomino yoyote iliyotangulia. Mamlaka, kampuni na Bunge vyote vimo humo. Tangazo linaficha mtenda kutokea juu, na mwitikio unamficha kutokea chini. Sababu ya upande wa chini inaeleweka zaidi tukikumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo na ambayo kifungu chake cha 16 kinafanya uchapishaji wa taarifa za uongo kuwa kosa. *Wa-* ni ulinzi wa mnenaji. Haimshitaki yeyote kwa jina.

"Yetu macho" ni kauli ya ustadi zaidi. Haina kitenzi, na kimilikishi kimetangulizwa mbele ya nomino. Inasema kwamba katika jambo hili tulichonacho ni macho tu. Katika mgawanyo wa Hall haiingii vizuri mahali popote: haikubali, haijadili, na haipingi waziwazi. Wapo wanaoisoma kuwa ni kukata tamaa. Usomaji huo unaacha nafsi ya kwanza wingi bila maelezo. Anayesema "yetu" amejiweka katika kundi la mashahidi, na shahidi ni mtu anayeweza kuitwa baadaye. Wilson alieleza pia kwamba katika fikra za Wanyakyusa manung'uniko ya majirani yaliitwa pumzi za watu, na iliaminiwa kwamba yanaweza kumdhuru mkosaji, hata akiwa mkubwa, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo walinzi wa kijiji, *abamanga*. Haidaiwi hapa kwamba kauli ya Kiswahili ilizaliwa na imani hiyo. Inasikika pia Tanga na Unguja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba huko Kyela imekuta udongo unaojua kwamba kutazama na kunung'unika pamoja ni tendo.

Mwitikio wa aina hii hauwezi kuishughulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Tume hupokea malalamiko ya mtu mwenye jina dhidi ya mkusanyaji au mchakataji mwenye jina. Anayesema "wa-" hana wa kumlalamikia, na anayesema "yetu" si mlalamikaji mmoja. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, istilahi za kisheria humfikia msikilizaji moja kwa moja, bila mfasiri wa kuzilainisha. Anayelindwa na sheria ya mwaka 2022 anaitwa *mhusika wa taarifa*. Katika fasihi mhusika ni kiumbe wa hadithi. Katika habari za polisi, mhusika ndiye anayetafutwa. Mwanamke ambaye jina la mkwe wake limesomwa kwa sauti kibandani, akisikia redioni kwamba "wahusika wa taarifa wajitokeze", ana kila sababu ya kunyamaza na kurudi nyumbani.