Bustani ya Nyumbani Haingoji Masika

Wapo ndugu zetu wengi katika pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Zinga na Bagamoyo mjini, ambao hupokea mshahara, wakaugawa kwa nauli, kodi na unga, kisha wakamtuma mtoto sokoni akanunue fungu la mchicha. Nyuma ya nyumba zao upo uwanja mtupu unaofagiwa kila asubuhi. Ukiwauliza kwa nini haulimwi, hujibu kwamba wanangoja masika. Sisi twasema kwamba kungoja huko ndiko kunakokula mishahara yao, maana katika pwani yetu hakuna mwezi usio na kazi yake bustanini.

Yafaa kwanza tuujue udongo wetu. Sehemu kubwa ni kichanga, na kichanga hakikai na maji wala rutuba. Mvua kubwa ikinyesha, chakula cha mimea hushuka chini kisikofikiwa na mizizi. Kwa hiyo mboji isimwagwe yote kwa siku moja. Itiwe kidogo kidogo, karibu na siku ya kupanda, na iongezwe mimea inapokua. Kuitengeneza si gharama: majani, maganda ya jikoni, samadi na majivu kidogo, yapangwe kwa tabaka kivulini, yanyunyiziwe maji na kupinduliwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Lakini rundo lisilopinduliwa ni hatari kwa jirani mwenye minazi, kwa kuwa chonga, yule mdudu atoboaye kilele cha mnazi, hutaga mayai katika samadi na magogo ya minazi yanayooza. Atakayeliacha gogo lioze uani anamfuga adui.

Masika, yaani Machi hadi Mei, ni wakati wa matuta ya kuinuka na mifereji, ili mizizi isizame majini. Ndiyo majira ya kupanda marando ya viazi vitamu, machipukizi ya migomba, mipapai na mihogo. Pingili ya muhogo iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30. Na hapa twataka tuonye kwa nguvu. Maradhi ya michirizi ya kahawia yameenea katika pwani hii, na ubaya wake ni kwamba shina laweza kuonekana zima huku mzizi umeoza ndani. Mtu hungoja karibu mwaka, akang'oa siku ya shida, akakata, akakuta madoa makavu yasiyolika. Basi mbegu isitwaliwe kwa kuwa tu imetolewa bure. Ichukuliwe katika shamba ambalo mihogo yake imeng'olewa na kukatwa, ikaonekana safi. Aina ya Kiroba, ijulikanayo sana Mkoa wa Pwani, huyavumilia maradhi hayo kuliko aina nyingi za zamani.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo neema ya mtunza bustani, na wengi huipoteza wakidhani kwamba mvua ikikoma na kazi imekoma. Jua limepoa, na ukungu uozeshao nyanya wakati wa masika umepungua. Miche ya nyanya na biringanya iatikwe mwezi wa Mei chini ya kichanja cha makuti, ikahamishwe jioni baada ya wiki nne hivi. Mchicha usipandwe wote pamoja. Mwaga mbegu tuta moja leo na jingine baada ya wiki mbili, nawe utachuma bila kukatika, kwa kuwa huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Wadudu wakija, mwarobaini umesimama karibu kila mtaa: majani yatwangwe, yalowekwe usiku kucha, yachujwe, yatiwe sabuni kidogo na kunyunyizwa jioni.

Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, lakini haina ahadi. Panda kunde na bamia, zivumiliazo jua. Tukumbuke mwezi wa Oktoba mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua hata ukatangazwa mgao Dar es Salaam. Mto huo, unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, ndio unaonywesha sehemu kubwa ya jiji. Bustani ipotezayo maji ovyo yanyang'anya kikombe cha mtu mwingine. Kwa hiyo, kuanzia vuli hadi jua kali la Januari na Februari, geuza matuta: yawe ya kuzama, yapokee maji kama kiganja. Fukia chini yake makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, tandaza nyasi kavu juu, na umwagilie alfajiri au jioni kwa maji yaliyooshea mboga na mchele. Mwezi wa Februari chimba na uandae mboji, ili masika ikukute tayari.

Baada ya ukame wa 1973 na 1974, taifa liliitwa katika Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata wafanyakazi wa mijini walitakiwa kushika jembe. Wengi waliliweka chini mvua iliporejea. Hilo ndilo kosa tusilopaswa kulirudia, kwani shibe ya nyumba hailetwi na jitihada ya msimu mmoja. Huletwa na nusu saa ya kila siku.

Hatumwambii mfanyakazi kwamba matuta manne yatamtajirisha. Twamwambia kwamba fungu la mchicha alilochuma mwenyewe ni fedha iliyobaki mfukoni, na ni afya ya mtoto wake. Basi kila asomaye haya ajiulize huu ni mwezi gani, kisha aishike kazi yake kabla jua halijazama.